Ibada ya Tatu Imejaa: Je, Ndiyo Kazi Tuliyotumwa?

(Hotuba kwa wachungaji, wainjilisti, makatekista na wazee wa kanisa katika semina ya uinjilisti, Dodoma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.)

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena! Na kwa Kigogo, salamu yetu: Mbukwenyi!

Baba Kasisi, wachungaji wetu, wainjilisti na makatekista mliotoka vijijini, mama zetu wa Umoja wa Akina Mama, wazee wa kanisa, vijana: nawasalimu wote katika jina la Bwana. Wapo hapa waliodamka usiku wa manane kuwahi gari, na wapo walioacha palizi shambani wakati magugu hayamsubiri mtu. Kwa heshima yao sitazunguka.

Mada niliyopewa imeandikwa kama swali: je, juhudi zetu sisi Waanglikana za kupeleka Injili na ongezeko la waumini wetu vinalingana na matarajio? Jibu langu nalitoa sasa hivi. Waumini wameongezeka, tena sana. Matarajio hatujayafikia. Na hilo ongezeko lenyewe ndilo linalotuziba macho tusione kwamba hatujayafikia. Nivumilieni nieleze.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na hesabu ndilo somo nililofundisha, kwa hiyo nitaanzia huko. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dodoma una watu 2,083,588. Sensa ya mwaka 2022 ikaukuta una watu 3,085,625. Watu milioni moja na ushee wameongezeka ndani ya miaka 10! Hapa mjini peke yake tulikuwa 410,956, tukafika 765,179. Yaani palipokuwa na watu 10, miaka 10 baadaye wamekaribia 19. Na hapo treni ya SGR ilikuwa bado haijaanza kushusha abiria Dodoma. Hiyo ilianza mwaka 2024.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mtaa wako, yaani kanisa lako dogo ndani ya parishi, mwaka 2012 ulikuwa na waumini 200. Ili mwaka 2022 ubaki pale pale ulipokuwa ukilinganisha na watu wa mji huu, ulitakiwa uwe na waumini wangapi? Kama 370. Sasa tuseme una 300. Umeongeza watu 100! Umechinja, umeimba, umealika mgeni rasmi. Kumbe umerudi nyuma. Umeongezeka na umerudi nyuma kwa wakati mmoja. Nani kati yetu aliwahi kusimama kwenye mkutano mkuu wa mwaka akasoma taarifa ya namna hiyo? Sote tunasoma "tumeongezeka", watu wanapiga makofi, tunaingia kwenye mengineyo.

Msitegemee kwamba kuna ofisi itakayotufanyia kazi hii. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Binafsi naona ilikuwa busara; imetusaidia kukaa na majirani zetu bila kuhesabiana vichwa. Lakini maana yake ni kwamba kujijua ni jukumu letu wenyewe.

Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, kazi ya Mungu haihesabiwi, kumbuka yaliyompata Daudi." Nakumbuka. Daudi alihesabu wanaume washikao upanga, apate kujua nguvu zake. Lakini siku ya Pentekoste nao walihesabu, wakatuambia watu kama elfu tatu. Swali ni unahesabu ili ufanye nini. Ukihesabu ili ujisifu mbele ya parishi jirani, acha. Ukihesabu ili ujue nani hajafikiwa na nani amepotea, hesabu, tena hesabu vizuri.

Mji huu umejaa kwa sababu gani? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, wazee hapa mnaukumbuka. Tulisubiri sana. Mwaka 2016 ndipo serikali ilipoanza kuhamia kweli, Aprili 26 mwaka 2018 tukawa jiji, na Mji wa Serikali ukasimama Mtumba. Wizara zikahama, watumishi wakahama, mafundi wakawafuata, mama lishe wakawafuata mafundi. Na wengi wa watu hao walikuja tayari wameshabatizwa, wameshapata kipaimara, wameshaimba kwaya miaka na miaka.

Nimekaa na katibu wa parishi moja ya upande huo wa mashariki. Sitaitaja, na ni parishi yenye watu wema. Wameanzisha ibada ya tatu, na ibada ya tatu imejaa hadi watu wanakaa nje chini ya turubai. Nikamwomba katibu anioneshe makabrasha. Akanitolea faili la barua za utambulisho. Lilikuwa limeshiba hadi jalada halifungi, amelikaza kwa kamba ya katani. Barua kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Iringa, Mbeya. Nyingine zimepigwa mihuri miwili, nyingine zimeandikwa kwa mkono mzuri wa kizee. Nikaomba na daftari la ubatizo. Nikashuka na kidole ukurasa baada ya ukurasa. Watoto wachanga, watoto wachanga, watoto wachanga, na baba na mama wote ni waumini wetu. Nilikuwa natafuta jina la mtu mzima. Nilifungua kurasa nyingi kabla ya kulipata la kwanza.

Nikamuuliza katibu, "Huyu mmempataje?" Akafikiri kidogo. "Huyu alikuja kuoa binti wa mzee wa kanisa."

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Kumpokea mgeni ni kazi ya Bwana. Dada aliyehamishwa kikazi, ameacha wazazi Dar es Salaam, anakaa chumba kimoja Ilazo, hajui mtu: akikuta kanisa limemfungulia mlango, huo ni utumishi halisi na Mungu awabariki mnaoufanya. Na kuwabatiza watoto wetu na kuwalea katika imani, nani atasema ni kazi ndogo? Ila tusiite uinjilisti kitu ambacho wizara ya utumishi imetufanyia. Tusiite uinjilisti kitu ambacho wodi ya wazazi imetufanyia. Waliohamia ni waliohamia. Waliozaliwa ni waliozaliwa. Swali letu leo ni la kundi la tatu: yule ambaye hakuwa wetu, hakuzaliwa kwetu, hakuja na barua, na akaifahamu Injili kwa sababu mmoja wetu alitoka akaenda. Huyo yuko wapi kwenye madaftari yetu?

Turudi nyuma kidogo, kwenye historia, maana vijana wengi hawaijui.

Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876. Walikuwa wanakuja kwetu? Hapana. Walikuwa wanakwenda Uganda kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Msafiri Stanley alikuwa ameandika barua iliyochapishwa London mwaka 1875 kwamba Mutesa anataka walimu, na Waingereza wakaitikia. Sisi tulikuwa njiani. Mpwapwa ilikuwa mahali pa kupumzikia misafara, pana maji, basi. Mwaka 1878 ndipo kituo kilipokaa sawasawa, na Dakta Baxter na mwenzake Last. Na kwa miaka mingi Uganda ikawaka moto. Ubatizo wa kwanza wa CMS kule ni wa mwaka 1882, na baada ya muda mfupi wakawa na mashahidi waliokufa kwa ajili ya imani yao. Huku Ugogo kazi ikaenda polepole, polepole kabisa, hata waliokuwa wakituma fedha kutoka Uingereza wakawa na haki ya kuuliza kama inalipa. Hannington mwenyewe, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alipita Mpwapwa mwaka 1882, na mwaka 1885 akauawa Busoga akiwa njiani kwenda huko huko Uganda.

Sasa niulize: kazi ya Ugogo iligeuka lini? Wengi watasema mwaka 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa na Waaustralia wakatuletea Askofu George Chambers. Ulikuwa mwaka mkubwa, siukatai. Lakini mimi naangalia nyuma zaidi, kwenye ile vita ya kwanza ya dunia. Nchi ilikuwa ya Wajerumani, na wamisionari wetu walikuwa raia wa adui. Wakakusanywa wakawekwa kizuizini, na wengi wakaja kufunguliwa huko Tabora Wabelgiji walipouteka mji ule Septemba 1916. Vituo vikabaki bila mzungu hata mmoja. Hakuna fedha kutoka ng'ambo, hakuna dawa, hakuna barua. Na juu ya vita ikaja njaa.

Nani alibaki? Walimu. Walimu wa shule za vijijini, Wagogo na Wakaguru, watu wenye jembe na kitabu. Baadhi yao walikamatwa kwa kushukiwa upelelezi. Waliobaki waliendelea kukusanya watu chini ya mibuyu, kusoma, kuomba, kuzika wafu. Wamisionari waliporudi wakakuta kanisa lipo. Kutoka kwenye kizazi hicho ndipo tulipompata Kanoni Andrea Mwaka, mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Ugogo. Vijana mnapita kila siku kwenye shule yenye jina lake hapa mjini. Mjue jina hilo lilipatikana wapi.

Na wala si Ugogo tu. Nenda Ethiopia. Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus lilipoanzishwa rasmi mwaka 1959 lilikuwa na waumini kama 20,000. Ikaja serikali ya kijeshi ya kikomunisti iliyoitwa Derg. Makanisa yakafungwa, viongozi wakatiwa ndani, na mwaka 1979 katibu mkuu wao, Gudina Tumsa, akatekwa na kuuawa. Kwa hesabu ya kibinadamu lile kanisa lilikuwa limekwisha. Leo lina waumini zaidi ya milioni 10. Milioni 10! Nani aliwahubiria? Makanisa yalipofungwa, watu walikutana majumbani, mkulima akamwambia mkulima mwenzake, mama akamwambia jirani waliyechota naye maji.

Linganisheni na sisi. Sisi hatujafungiwa mlango hata mmoja. Tuna vipaza sauti, tuna redio, tuna makundi ya WhatsApp ya kila mtaa na kila kwaya. Kwa nini basi daftari la watu wazima ni jeupe?

Sababu ya kwanza naiona kwenye namna tunavyotumia nguvu zetu. Tukisema "uinjilisti", tunawaza mkutano wa Injili wa wiki nzima uwanjani. Jukwaa, jenereta, mafuta ya jenereta, mabango, nauli za kwaya, posho za wahubiri wageni, chakula cha wageni. Tunachangisha miezi. Siku zinafika, watu wanajaa, wananyosha mikono, wanaandikwa kwenye kadi. Jumapili tunatangaza idadi ya waliookoka na kanisa zima linasimama kushangilia. Halafu?

Nitawaambia nilichokiona. Katika parishi nyingine, nayo sitaitaja, tulikuwa tunatafuta madaftari ya zamani kwenye chumba cha kuvalia kanzu. Chini ya rafu kukawa na boksi la chaki. Ndani yake kadi. Zimefungwa kwa mpira mafungu mafungu, na mpira wenyewe umeshakauka, ukigusa unakatika. Kila kadi ina jina, namba ya simu, na mahali mtu anapokaa, maana wengi hawana namba ya nyumba: "nyuma ya mashine ya kusaga", "karibu na bomba la maji", "uliza kwa mama wa vitumbua". Mtu alisimama mbele ya umati, akatoa jina lake na mahali anapolala. Hakuna aliyekwenda. Hakuna. Kadi hazikuwa na alama ya kalamu hata moja.

Tulikaa chini tukaanza kupiga zile namba. Nyingi hazipatikani. Akapokea mama mmoja. Tukajitambulisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilisubiri sana. Nikajua mmenisahau." Tulimwomba radhi, na alipokea radhi kwa upole kuliko tulivyostahili. Sasa anasali kwingine na ana amani, Mungu asifiwe. Lakini sisi tulikuwa tumeshamtangaza! Yumo kwenye taarifa yetu ya mwaka ule kama tunda la mkutano wetu.

Sisemi mikutano isifanyike. Nasema mkutano usipangiwe bajeti kabla hamjawa na watu walioahidi kwa majina yao kwamba kadi zikija, kila mmoja atachukua zake na atakwenda hadi nyuma ya hiyo mashine ya kusaga, ndani ya wiki hiyo hiyo.

Sababu ya pili inauma zaidi, na naomba mnisikilize kwa utulivu. Tunaongeza mbele na tunapoteza nyuma.

Yupo kijana wa bodaboda, kijiwe chake kiko Nkuhungu. Alibatizwa kwetu, alipata kipaimara kwetu, aliimba kwaya ya vijana. Nilimkuta anasali kwenye huduma moja iliyoanza juzi juzi, ibada zao ni chini ya maturubai. Nikamuuliza kilichomtoa. Akanisimulia. Aligongwa na gari, akavunjika mguu, akalala ndani wiki nyingi bila kazi na pikipiki ni ya mkataba. Waliokuja kumwona ni wale jirani wa kwenye turubai. Walileta unga na maharage, wakamfulia nguo, wakamwombea, wakarudi kesho yake. Na kanisani kwetu? Kanisani kwetu jina lake lilisomwa Jumapili hizo hizo. Mama yake alilisikia. Lilisomwa kwenye orodha ya wanaodaiwa ahadi ya ujenzi.

Akaniambia hivi: "Mwalimu, sikuwa na ugomvi na kanisa. Nilikwenda kwa walionijia."

Wazee wa kanisa wenzangu, tumsemeje huyu? Tuseme amedanganywa na manabii wa mjini? Ni rahisi kusema hivyo, na wapo kweli wanaodanganywa, wanauziwa maji na mafuta kwa matumaini ya miujiza, hilo tulikemee. Lakini huyu hakuuziwa kitu. Huyu aliletewa unga.

Hili la michango nalisema wazi maana limesemwa pembeni muda mrefu. Maskini wengi hawakosi kanisani kwa kupungukiwa imani. Wanaona aibu. Ana bahasha ya ujenzi, ana ya gari la mchungaji, ana ya kwaya, ana ya mavuno, na mvua haikunyesha. Anajua akija atasomwa. Kwa hiyo haji. Jumapili ya kwanza haji, ya pili haji, ya tatu mtu anasema "fulani amepoa kiroho". Amepoa au tumempoza?

Mfugaji wa Kigogo, ng'ombe wakirudi jioni, hana haja ya kuhesabu kwa vidole. Anasimama mlangoni mwa zizi, anatazama tu, na anakwambia yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hajaingia. Sisi tuna kamati, tuna jumuiya, tuna makatibu wenye kompyuta. Nani kati yetu anaweza kusimama mlangoni Jumapili akasema nani hajaingia?

Na vijijini hali ina sura yake, tusiwahukumu kwa kipimo cha mjini. Mvua zikikata, watu wanaondoka. Wanaume wanakwenda Kiteto kulima vibarua, vijana wanakimbilia Dar es Salaam, wanabaki bibi, mama na watoto. Mwinjilisti wa kijiji hicho akileta taarifa kwamba waumini wamepungua, mnamwandikia kwamba hafanyi kazi. Amewapoteza yeye, au ukame umewachukua?

Niwaambie juu ya mwinjilisti mmoja wa ukanda huo wa Chemba. Ana vijiji vitatu. Jumapili anaanza cha kwanza alfajiri, anamalizia cha tatu jua limepinda. Baiskeli yake tairi la nyuma limefungwa kwa vipande vya mpira, na unaweza kusikia likigonga ardhi kila linapozunguka kabla hujamwona mwenyewe. Aliandika barua kwa parishi kuomba tairi. Tairi moja na mpira wa ndani. Barua ilisomwa kwenye kikao. Ikaamuliwa isubiri robo inayofuata kwa sababu ya hali ya fedha. Kikao hicho hicho, ajenda iliyofuata, kikapitisha marumaru za madhabahu.

Nani amebatiza watu wazima mwaka huo katika parishi nzima? Ni yeye. Kule kule kwa Wasandawe, chini ya mti, kwa watu ambao hatukuwahi kuwa nao. Fedha zetu zikaenda kwenye sakafu, na Injili ikaenda kwa baiskeli mbovu. Mtaniuliza basi matarajio yetu ni yapi, wakati bajeti yetu imeshatamka?

Kanisa la Kianglikana duniani lilishawahi kujiwekea matarajio makubwa. Mkutano wa maaskofu wake, unaoitwa Lambeth, wa mwaka 1988 uliitangaza miaka ya tisini kuwa Muongo wa Uinjilisti. Sehemu nyingi ikabaki ni jina kwenye barua za ofisi. Wanaijeria walifanya nini? Mwaka 1990 waliweka wakfu maaskofu 8 wa kimisionari na kuwatuma, wengi wao kaskazini, sehemu ambazo hazikuwa na waumini wa kutosha hata kumlipa askofu. Walianza na kutuma mtu, mengine yakafuata. Walipeleka nguvu mahali pasipo na watu wetu. Sisi tunaigawa parishi ya mjini ikijaa, tunajenga nyingine kilomita mbili mbele, kisha tunasema kazi imepanuka.

Mwaka 2027 inatimia miaka 100 tangu dayosisi hii mama ianzishwe, hii iliyozaa Victoria Nyanza, Morogoro, Western Tanganyika, Mpwapwa, Kondoa na nyinginezo. Kutakuwa na fulana, kutakuwa na vitenge, kutakuwa na maandamano, na mimi mwenyewe nitavaa kitenge. Lakini kila mtaa utaombwa taarifa, na ninaomba kwa moyo wangu wote taarifa hiyo iwe ya kweli.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaleta mbele yenu, myajadili na myapitishe au myakatae, ila msiyaweke kando. Kila mtaa uandike waumini wapya katika safu tatu zilizotengana: waliozaliwa kwetu, waliohamia kwa barua, na waliokuja kutoka nje. Iwepo na safu ya nne, ya walioondoka, na mbele ya kila jina iandikwe nani alikwenda kuzungumza naye na alijibiwa nini. Safu zote nne zisomwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka, hata kama ya tatu ina sifuri. Sifuri isomwe kwa sauti.

Posho ya wainjilisti na makatekista ilipwe kabla ya fedha yoyote ya ujenzi kutoka. Iwe kanuni, isiwe huruma. Na usomaji wa majina ya wanaodaiwa ukome. Ukome leo, Baba Kasisi, kama utaturuhusu. Anayedaiwa afuatwe nyumbani kwa upole, na mkimkuta hana, muwe mmekwenda na kitu mkononi.

Halafu kila parishi ichague mahali pamoja ambapo haina watu. Pamoja tu. Inaweza kuwa kijiji cha mbali, inaweza kuwa kijiwe cha bodaboda au kona moja ya soko la Machinga, mita chache kutoka mlangoni kwenu. Wachaguliwe wawili wa kwenda. Na wanapokwenda kwa majirani zetu Waislamu, kama kule Kondoa tulikochanganyika hadi ndani ya ukoo, waende kama watoto wa nyumbani, wazike pamoja nao, wauguze pamoja nao, na wakiulizwa habari za imani yao waseme bila kumdharau mtu. Kelele za spika zinazotukana dini ya jirani hazijawahi kutuletea muumini, zimetuletea polisi.

Makatibu wa mitaa, msitoke. Madaftari mapya yako kwenye maboksi pale mlangoni, kila mtaa lake, safu zimeshachorwa kwa rula. Tutagawana meza, tutaanza na mwaka jana, na tutaanza na ile safu ya nne, walioondoka. Mnawajua kwa majina. Wainjilisti wa Chemba na Bahi mkae meza ya mbele, kwa sababu fomu ya matairi na madeni ya posho inajazwa leo na mweka hazina yuko hapa kuisaini.

Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti, nakurudishia kikao.